Siku Niliyotoka Jikoni na Mwiko Kumkamata Mkwe

Mimi jambo hili huwa silisimulii. Mnalisikia leo kwa sababu najua mmeshalisikia kwa watu wengine likiwa limetiwa chumvi mpaka limekuwa chungu, wako wanaosema eti nilimpiga mkwe wangu kwa mwiko mbele ya wazee, na mimi nasema sikumpiga, nilimnyooshea tu, na kama kuna punje za pilau zilizomrukia kwenye kanzu basi zilijitokea zenyewe kwa sababu mwiko ulikuwa umejaa. Lakini aibu niliipata, hiyo sikatai. Mpaka leo nikipita jirani na gereji ya mkwe huyo huwa navuta mtandio ushuke karibu na nyusi, na mtu akinisalimia kutoka chini ya gari najifanya nina haraka.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Simwamini mtu. Sikuzaliwa hivi, biashara ya kuku ndiyo iliyonifanya, maana mtu anakuletea jogoo amesimama wima anaangaza macho, ukifika naye Singida mjini ameinamisha shingo, kumbe alinyweshwa maji ya pilipili asubuhi ili achangamke. Kwa hiyo mimi kuku simnunui kwa kumtazama, namgeuza, nampuliza manyoya ya nyuma, namnusa mdomo, na mwenye kuku namwangalia usoni kuliko kuku mwenyewe. Ndivyo nilivyomlea hata mwanangu Rehema baada ya baba yake kufariki, nikimwambia kila siku, mwanangu, mtu akikuchekea wewe mwangalie mikono.

Halafu kuna masufuria yangu. Nilikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, yale ambayo hapa Mwankoko ukiwa na msiba au harusi lazima uazime kwa mtu, na kwangu walikuwa wanakuja sana. Sasa unaazimisha sufuria zima linarudi lina kiraka, unauliza, unaambiwa Mama Rehema ndilo lenyewe hili (ndilo lenyewe, wakati langu nalijua hata gizani kwa kulipapasa). Kila mwenye masufuria kwetu anaweka alama, mwingine anagonga msumari, mwingine anafunga uzi kwenye mkono wa sufuria, mimi nilichukua rangi ya kucha ya Rehema, nyekundu ya kuwaka, nikapiga nukta mbili na kistari chini ya ukingo pale ambapo moto haufiki. Tangu hapo halikupotea hata moja. Wanawake wote wa mtaa wetu wanaijua alama ile, wameisugua na majivu kwenye misiba mingapi, na haitoki.

Hiyo rangi ya kucha muishike hapo hapo, tutairudia.

Ilikuwa ni miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kumiminika madukani baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na magari yaliyokwishatumika Japani yakaanza kuonekana mpaka huku kwetu. Mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza makonda wa mabasi wanipakilie matenga ya kuku, nikauza nilichouza, nikajibana, nikapata stesheni wagoni moja nyeupe, otomatiki. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa ameona gari otomatiki. Watu walikuwa wanakuja kuchungulia pale chini miguuni wanauliza pedeli ya klachi wameing'oa akina nani, nami badala ya kucheka moyo ulikuwa unanidunda, nikasema jamani isije ikawa kweli nimeibiwa klachi huko njiani.

Na maneno ya watu hayakunisaidia. Kila aliyekuja kunipongeza aliniachia hadithi yake ya mafundi, gari limeingia gereji na vitu vya Japani limetoka na vitu vya kuokoteza, wewe unaendesha unadhani ni gari lako kumbe kilichobaki chako ni namba tu. Nikakaa nikafikiri, nikaona dawa yake si ninayo ndani. Nikafungua boneti, nikachukua kichupa cha Rehema, nikaanza, nukta mbili na kistari, kwenye betri, kwenye mfuniko wa rejeta, kwenye mipira ya maji, kwenye kila kitu ambacho mkono wangu ulifika. Chenye grisi nilikifuta kwanza na upande wa kanga. Sasa kulikuwa na kidude kimoja kimesimama juu ya giaboksi, kifupi kama kidole gumba, kina plagi ya waya kichwani, hicho grisi yake ilikataa katakata, rangi inateleza tu. Nikaichomoa ile plagi. Ndani nikakuta vijino vya shaba, visafi, vinang'aa. Nikasema hapa ndipo penyewe, mwizi hata iweje hatafikiria kuangalia hapa. Nikavipaka vyote, nikavipuliza mpaka vikakauka, nikarudisha plagi kwa nguvu mpaka ikalia tak, na siwafichi, siku hiyo nilijiona nina akili kuliko mtu yeyote mkoa mzima.

Gari likaendelea kutembea kama kawaida. Ndiyo maana sikuja kuunganisha mambo.

Fundi wangu alikuwa Baba Iddi. Huyu Iddi, mtoto wake, alikuwa ameshaleta posa kwa Rehema na tumemkubalia, kwa hiyo Baba Iddi hakuwa fundi tu, alikuwa mkwe, na ninyi mnajua kwetu mkwe hatazamwi ovyo wala hajibizwi. Mwenyewe ni mtu wa maneno mengi na kujisifu, kila gari linalopita barabarani atakwambia lile lilishalala gerejini kwangu. Nikampelekea gari abadilishe oili. Nikaomba kigoda, nikakaa karibu na tairi la mbele.

"Mkwe, si uende nyumbani ukapumzike," akaniambia. "Nikimaliza nitakuletea mwenyewe."

"Napumzika hapa hapa, mkwe," nikamjibu.

Nikalilinda lile gari mpaka adhana ya adhuhuri ikalia. Sasa ningefanyaje? Nikaenda kuswali nyumba ya jirani (niliswali haraka, Mungu anisamehe, na sikio langu lilikuwa gerejini), nikarudi nikamkuta ameshafunga boneti, amesimama ananichekea. Nikamwangalia mikono. Mmoja ulikuwa umeshika kitambaa na mwingine ulikuwa mfukoni. Nikasema moyoni, haya.

Juma lililofuata nikaenda Shelui kuchukua kuku. Kwenda nilikwenda salama. Wakati wa kurudi, nimejaza matenga nyuma mpaka dari, sijafika mbali, naona mshale wa spidi unacheza, unapanda, unaanguka, unapanda, halafu ukalala kwenye sifuri moja kwa moja. Gari linakwenda, mshale unasema tumesimama. Kuna taa kwenye dashibodi ikaanza kupepesa kama mtu anayekukonyeza, na gia zikagoma kubadilika, injini inalia kwa uchungu na gari linajikokota, mara likajivuta kwa kishindo matenga yote yakanifuata shingoni, jogoo mmoja akatoa kichwa akaanza kunidonoa mtandio. Malori yananipita yananipigia honi. Nikageuza taratibu nikarudi Shelui kwenye maegesho ya malori, nikampata fundi mmoja pale, jina sikumuuliza na yeye hakunitajia.

Akafungua boneti, akainama, akaangalia gari, akaniangalia mimi. "Mama, hili gari limeguswa na nani hivi karibuni?"

Nikamwambia limebadilishwa oili tu.

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Umechezewa, mama. Mimi ni mtu wa malori, hizi otomatiki sizijui, lakini hapa umechezewa."

Mnaona jinsi mtu unavyoweza kuwa kiziwi na masikio unayo? Fundi mwenyewe ananiambia gari hili silijui, na mimi katika maneno yake yote nikalichukua lile moja tu la kuchezewa, nikaondoka nalo kwa mwendo wa ng'ombe kutoka Shelui hadi Mwankoko, nikilitafuna njia nzima.

Nikampelekea Baba Iddi gari lake la kuchezea. Ila safari hii nilikwenda kama mpelelezi, nilitaka nimsikie atajiumauma vipi. Hakujiumauma. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akasema labda oili, akaona oili iko sawa, akasema basi si oili. Akaniuliza gia zikigoma na mshale unalala? Nikamwambia vyote kwa pamoja. Akaliendesha mtaani mimi nimekaa pembeni yake nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili, mshale ukalala kama ulivyolala kule Shelui, naye akapiga usukani kwa kiganja akiwa na furaha kama mtu aliyeokota hela.

"Giaboksi yako nzima, mkwe," akasema. "Kuna kitu kinaitwa sensa ya spidi. Hiyo kazi yake ni kusikiliza gari linakimbia kiasi gani, halafu inapeleka habari sehemu mbili, kwenye mshale na kwenye kompyuta ya gia. Ikinyamaza, mshale unalala, na gia nazo hazijui zibadilike saa ngapi. Ndiyo maana vinaumwa pamoja. Sensa yako imekufa. Mkoa huu mimi peke yangu ndiye ningekwambia hivyo."

Akafungua boneti akakinyooshea kidole. Kilikuwa ni kile kile kidude changu cha vijino vya shaba.

Jamani, mtu akitaja kitu ulichokificha mwenyewe, moyo unakwambia nini? Wangu uliniambia kakijuaje. Injini nzima ina vitu chungu nzima, kidole chake kimekwenda kwenye kile tu. Na hajamaliza, anasema nimruhusu akitoe aende nacho mjini akatafute kinachofanana nacho alinganishe. Alinganishe! Hesabu yote ikanijia kichwani imekamilika, changu kizima alikitoa nilipokuwa naswali, akaweka kibovu, sasa anataka kuniletea kile kile changu kama kipya na nimshukuru.

"Acha kwanza, mkwe," nikamwambia. "Gari litapumzika."

"Angalau nichomoe hii plagi nione."

"Usiguse."

Nililisema kwa sauti ambayo mkwe haambiwi. Akaurudisha mkono wake polepole, akafunga boneti. (Kama ningemwacha akachomoa pale pale, aibu ingekuwa ya watu wawili tu, tena mmoja wao ni mtu wa kujisifu, angejisifu yeye na mimi ningesahaulika.)

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, Mzee Msengi. Huyu ni kaka yake marehemu mume wangu, ndiye alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, na ndiye aliyekuwa anasimama kama baba wa Rehema kwenye mambo ya ndoa. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote.

"Ushahidi wako ni nini?" akauliza.

"Alikuwa na mkono mfukoni, shemeji. Na ananichekea."

"Hata mimi nina mkono mfukoni sasa hivi." Kweli alikuwa nao, alikuwa anatafuta ugoro. "Shemeji, nisikilize. Jumamosi watu hawa wanaleta mahari. Mtoto ana furaha, hajapata kuwa na furaha hivi tangu baba yake aondoke. Gari ni bati. Funga mdomo mpaka ndoa ipite."

Nikamwahidi. Na ile ahadi niliishika mpaka Jumamosi yenyewe.

Siku hiyo nyumba ilijaa. Wanaume wamekaa mbele kwenye viti na mikeka, wanawake tuko nyuma jikoni, masufuria yangu matatu yako motoni, na mimi mama wa bibi harusi mtarajiwa nimevaa doti mpya ya kanga, nageuza pilau. Rehema yuko chumbani na shangazi zake. Wakaja wakwe, ng'ombe wakiwa mbele na mbuzi wakifuata, vigelegele vikapigwa, nami nikapiga, na ninaapa pale nilikuwa nimesahau kila kitu. Gari langu nilikuwa nimeliegesha ubavuni kwa nyumba, kati ya wanaume na jiko, na kutoka pale nilipokuwa nageuza pilau naliona kupitia tundu la ua.

Sasa sijui ni nini kilichonifanya nichungulie. Mazoea tu. Nikachungulia, boneti iko wazi.

Baba Iddi, na kanzu yake nyeupe, amewaacha wazee wenzake wanazungumza, ameinamia gari langu peke yake, anageuka huku na huku kama mtu anayeogopa kuonekana. Akaingiza mkono mfukoni. Upande ule ule wa siku ile gerejini. Akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akakifungua, na hata kwa mbali nilikitambua, kile kidude changu kifupi kama kidole gumba.

Sikumbuki nilivyotoka. Wanaonipenda wananiambia nilitembea, wasionipenda wanasema nilikimbia. Mwiko ulikuwa mkononi, una pilau, na nilitokea nao mbele ya kikao cha wanaume, mbele ya wakwe walioleta ng'ombe, mimi mwanamke mjane ambaye siku ile nilitakiwa nisisikike hata kikohozi.

"Shemeji, rudi jikoni," Mzee Msengi akasema bila kuinuka.

"Wazee wangu, njooni mshuhudie," nikasema mimi. "Mkwe, hicho mkononi ni nini?"

Baba Iddi alishtuka akajigonga kisogo kwenye boneti. "Sensa, mkwe."

"Ya nani?"

"Nimeiazima kwenye gari la rafiki yangu mjini, linafanana na lako. Nilitaka kuijaribisha kidogo, ikikubali nikutafutie na wewe. Nilisema iwe zawadi yangu ya leo."

"Na zawadi gani inatolewa kwa kunyemelea?"

"Sasa si ukiwepo hutaki niguse."

Watu wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza, maana niliona wamemwamini. Nikamnyooshea mwiko (hapo ndipo zile punje) nikasema yote, adhuhuri ile, mkono mfukoni, fundi wa Shelui, yote, nikamaliza na neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza. Nilisema, "Umeniibia."

Mzee mmoja wa upande wa kina Iddi, aliyekuwa anakunywa maji, akakiweka kikombe chini taratibu, akakifunika na kisahani.

Mngedhani ningeona hapo pametosha. Mimi nikaendelea. Nikasema, wazee, mimi si mjinga, changu nilikiwekea alama nyekundu kwa ndani ambako yeye hakujua, tuangalie. Wakaangalia kile cha mkononi, kisafi. Nikasema ameifuta. Baba Iddi akageuka kwa Mzee Msengi akasema, "Basi tuichomoe na hii iliyomo garini, kila mtu aone." Wazee wakasogea, na wanawake nao wameshafika, mmoja wao Mama Salima aliyekuwa anaosha sufuria langu la mboga, amekuja nalo mkononi linachuruzika maji.

Plagi ikachomoka.

Vijino vyote vilikuwa vyekundu. Vyekundu vya kuwaka. Hata hapo mimi nilikuwa bado natafuta namna, nataka kusema sijui amepaka yeye, lakini Mama Salima alishachungulia juu ya bega la mzee mmoja, akaangalia ile rangi, akaligeuza lile sufuria, akalisogeza mpaka likawa sambamba na injini ili na wengine waone vizuri.

"Mama Rehema," akasema kwa upole kabisa, "hii si ile alama yetu ya masufuria?"

Wanawake walianza, wanaume wakafuata. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwenye shughuli. Aliyebaki hacheki ni mimi, Mzee Msengi, na Baba Iddi.

"Umeme haupiti kwenye rangi, mkwe," Baba Iddi akasema. "Nilikwambia sensa imekufa, nilikosea, haijafa. Umeipaka rangi ya kucha mdomoni, ikawa inasema nusu nusu, barabara ya Shelui ilipoitikisa ikanyamaza." Akatoa kisu chake kidogo, akakwangua kile kidude jino moja moja, akapuliza, akarudisha plagi, akafunga boneti. Halafu akafuta kanzu yake pale penye pilau. "Endesha."

Nikapanda, maana ndani ya gari angalau kuna mlango wa kufunga. Nikaondoka. Mshale ukapanda, ukatulia, gia zikaingia moja baada ya nyingine laini kabisa, na kwa namna nilivyokuwa nasikia aibu nilitamani nisigeuze, niendelee tu mpaka Itigi nikapande treni la kwenda popote. Nilipofika mwisho wa mtaa nikauona mwiko uko kwenye kiti cha pembeni. Nikakumbuka pilau. Nikageuza.

Nilikuta ng'ombe wanafunguliwa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana, walikuwa wanafungua kamba tu na kuwageuza vichwa, ndama mmoja hataki kutoka kwenye kivuli cha nyumba yangu wanamsukuma kwa nyuma. Iddi alisimama njiani na viatu vyake vipya, anaangalia mlango wa chumba alimo Rehema, baba yake akamwita mara moja tu, akaenda.

Pilau lilikuwa limeungua.

Nikaingia chumbani. Rehema alikuwa ameshavua zile nguo, anazikunja. Halii. Nilitamani alie.

"Mama," akasema, "yule mtu mimi nilikuwa nakwenda kumwita baba. Sina mwingine wa kumwita."

Ninyi mnacheka, na mimi nimewasimulia mcheke, lakini sentensi ile sijawahi kuicheka.

Wazee wakakaa kikao. Mzee Msengi alikwenda mwenyewe kuniombea, na wenzake wakaamua nipeleke kondoo wa kuomba radhi, nikampeleka, nikapiga magoti kwenye ua wa gereji mbele ya magari ya watu, nikasema nilimwita mkwe wangu mwizi na mwizi hakuwepo. Nikadhani yameisha. Baba Iddi akampokea kondoo, akanishukuru, akasema ana ombi lake dogo.

"Niachie gari," akasema. "Na funguo. Leo likae hapa mpaka kesho, boneti wazi. Wewe nenda nyumbani ukapumzike, na usitume mtu."

Mzee Msengi alinitazama. Rehema alikuwa nyuma yangu, simwoni, lakini nilisikia pumzi yake imesimama. Jamani, kondoo ningetoa hata kundi zima. Ile ndiyo ilikuwa faini yenyewe. Nikaitoa funguo kwenye pindo la kanga, nikaiweka kwenye kiganja chake, na vidole vyangu vilichelewa kuiachia mpaka akaivuta kidogo.

Niliondoka bila kugeuka. Wala usingizi sikuupata, kila nikifumba macho naona spana zinazunguka.

Kesho yake akaja nalo mwenyewe mpaka mlangoni, limeoshwa, akanikabidhi funguo, na nyuma yake Iddi akija na ng'ombe, yule ndama ametangulia kwenye kivuli chake. Ndoa ikafungwa. Masufuria yangu ndiyo yaliyopika, na yote yalirudi.

Lakini aliponikabidhi lile gari alinifungulia boneti kwanza. Ile plagi ya sensa alikuwa ameizungushia rangi ya mafuta ya bluu, pale inapokutana na kidude chenyewe, na juu yake amepiga nukta tatu. "Hii alama yangu mimi," akasema. "Ukiichomoa itapasuka nami nitajua." Na safari hii alicheka, na mikono yake yote miwili ilikuwa nje.

Nikaapa siku ile kwamba mkono wangu hautaingia tena chini ya boneti ya gari lolote, na sijavunja. Kila alipobadilisha oili alikuwa anaichungulia ile bluu yake kwanza kabla ya kunisalimia, anaikuta haijaguswa, ndipo ananiita mkwe. Niliendesha gari lile miaka, nimeliuza limechakaa na nukta tatu ziko pale pale.

Na mpaka leo hii, nikiwa nimekaa hapa na wajukuu wake na wangu wanacheza uani, sijui kama sensa iliyokuwa chini ya ile bluu ilikuwa ni yangu.